Je, nimfungie mwanangu vitabu vya katuni?

SWALI: Mwanangu ana miaka 11, yuko Gredi ya Tano. Husoma katuni na hadithi za mdogo wake wa Gredi ya Pili, zilezile, tena na tena. Mwalimu wake wa tuisheni ananishauri nizifungie kabatini, ninunue furushi la riwaya za sekondari analouza yeye, shilingi 4,500, ili akili ya mtoto ichangamke. Nifanyeje? Mama, Donholm

JIBU: Usizifungie, Mama. Hizo 4,500 nazo zikae mkobani kwanza.

Sisi wakutubi wa watoto huulizwa hivi kila mara, na aghalabu nyuma ya swali yupo mtu anayeuza kitu. Eti kitabu kigumu hukuza akili! Mtoto hulijua neno jipya kwa kuegemea yale anayoyajua tayari. Mengi yakiwa mageni, ataegemea nini? Mwaka 2000 watafiti Hu na Nation waliwapima wanafunzi wa Kiingereza kama lugha ya pili, wakakadiria kuwa msomaji wa hadithi huhitaji kuyajua maneno 98 hivi katika kila 100 ndipo aielewe vyema bila msaada. Hawakuwapima watoto wa Nairobi, najua, lakini wengi wa watoto wetu nao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Katika ukurasa wa maneno 200, basi, mageni ni manne tu. Ifungue riwaya moja ya furushi hilo, uhesabu.

Kinachowadanganya wazazi ni sauti. Mtoto anasoma kwa sauti, hakwami, mama anafurahi. Mwulize nani alikasirika kwenye sura hiyo, na kwa nini. Kimya.

Kurudia hadithi, kwa upande wake, humpa wepesi. Macho yakishaacha kupambana na kila neno, mtoto hupata nafasi ya kuifuata hadithi. Katuni nazo humlazimu kukisia kilichotokea kati ya picha na picha.

Mpeleke maktaba ya taifa tawi la Buruburu, haiko mbali nawe, au McMillan pale Banda Street. Achague mwenyewe. Afungue ukurasa wa katikati, akunje kidole kwa kila neno asilolijua. Vidole vitano vikiisha kabla ya ukurasa, akirudishe rafuni. Ukitaka vya bure, African Storybook ina hadithi mtandaoni kwa Kiswahili na kwa lugha nyingi za nyumbani.

Wazazi wengine nanyi sikilizeni. Muuzaji akitaja idhini ya KICD, taasisi ya kukuza mitaala nchini Kenya, jueni kwamba idhini hiyo huhusu mtaala; haisemi kama kitabu kitampendeza mtoto wako wala kama atakielewa. Anayeahidi kuwa mtoto wa miaka mitatu atasoma baada ya wiki sita anauza kadi za kukariri. Vitabu vya marudio ni vya mitihani, msivihesabu kama hadithi. Nakala za wizi zenye wino hafifu na kurasa zilizorukwa humchosha mtoto, kisha tunamwita mvivu. Mwenye kijana wa miaka 15 asitegemee jalada: asome sura mbili mwenyewe kwanza. Na furushi lililofungwa nailoni, ambalo huruhusiwi kulifungua mpaka ulipe, mwachie mwenyewe aende nalo.