Vijana mnaotaka kushuti filamu fupi yenye efekti, nisikilizeni kwanza

Wadogo zangu wa vyuoni hapa Unguja wakinitafuta kuhusu filamu fupi yenye efekti swali la mwanzo huwa lile lile, "kaka tutumie programu gani?" Jamani programu zipo, Blender ya kutengeneza picha za kompyuta ni ya bure tena kamili, DaVinci Resolve ya kuunganisha video nayo ina toleo la bure, kwa kazi ya mwanafunzi zinatosha sana, hilo liacheni. Kinachowaangusha watu ni siku ya kushuti. Mie nimelijua hilo baada ya kuhangaika na ndio maana naandika.

Tulikuwa wanafunzi wanne, filamu ya dakika 7, jini amesimama mlangoni kwenye kichochoro cha Mji Mkongwe halafu anapotea mbele ya mtoto anayerudi madrasa. Kumpoteza mtu ndio efekti nyepesi kuliko zote, unaweka kamera kwenye stendi, unamshuti akiwepo, anatoka, unashuti mlango mtupu bila kuigusa kamera, mambo mengine ni kuunganisha. Georges Méliès, mtengenezaji filamu wa zamani kule Ufaransa, alikuwa akipoteza watu kwa kusimamisha kamera tangu mwaka 1896, wala hakukuwa na kompyuta.

Basi tukamshuti jini wetu vizuri, kanzu nyeupe, kofia ya viua, mtoto naye kaigiza mpaka tukafurahi, mara ikaadhiniwa alasiri, mmoja akabaki kuilinda stendi sisi tukaenda kusali, tukarudi tukashuti mlango mtupu tukaondoka zetu. Usiku naunganisha naona kivuli cha nyumba ya mbele, ambacho wakati jini yupo kilikuwa chini kwenye kizingiti, sasa kimeshapanda mpaka kwenye misumari ya shaba katikati ya mlango. Yaani jini anapotea na nusu ya mlango inaingia giza papo hapo. Nilihangaika nalo siku tatu kurekebisha rangi, halikukubali. Vichochoro vyetu ni vyembamba, jua linaingia kidogo na linaondoka haraka, kwa hiyo akitoka tu muigizaji shuti mlango mtupu hapo hapo, usingoje hata mtu anywe kahawa.

Tukarudi siku nyingine, tukafanya kwa haraka, bado picha mbili hazilingani! Safari hii ilikuwa simu. Ile kanzu nyeupe ikitoka kwenye picha simu inaona pamekuwa giza inaongeza mwanga yenyewe, ukuta wote unang'aa. Dawa yake, bonyeza skrini ushikilie kidole mpaka simu ifunge fokasi na mwanga, ndio uanze. Na kama mtashuti ndani chini ya taa wekeni fremu, yaani picha, 25 kwa sekunde na shata (muda ambao kila picha inapokea mwanga) sehemu 1 kwa 50 ya sekunde, maana umeme wetu ni wa hetsi 50, mkienda kinyume na hapo taa nyingine zinaleta mistari inayopepesa kwenye picha na kuiondoa ni tabu.

Kitambaa cha kijani sasa, kile unachokiweka nyuma ya mtu ili programu ifute kijani uweke picha nyingine mahali pake. Sisi tulinunua sokoni Darajani, tukakitundika ukutani kina mikunjo vile vile, tukamsimamisha jini karibu yake kabisa kwa sababu chumba kilikuwa kidogo. Ile kanzu ikala rangi ya kijani mabegani na mikononi, programu ilipofuta kijani ikafuta na kanzu, jini ana matundu. Mnafahamu kwa nini? Nguo nyeupe inarudisha kila rangi inayopiga karibu yake. Basi msogezeni mtu mbele mita 2 au 3, kitambaa kipigwe pasi na kiwe na taa yake, mtu awe na taa zake. Na simu nyingi zinahifadhi rangi kwa ufinyu, nukta nne za picha kila moja ina mwanga wake lakini zinagawana rangi moja, ndio maana kingo za nywele na ushungi zinatoka na vimenomeno hata ukijitahidi vipi. Mkiweza kuikwepa kijani ikwepeni, mlango mtupu ulitufaa zaidi kuliko kitambaa.

La mwisho ni kurenda, yaani kuiacha kompyuta ichore kila fremu ya efekti. Moshi wa jini niliutengeneza kwenye Blender, sekunde 8 tu, lakini sekunde 8 kwa fremu 25 ni fremu 200, na laptopu yangu ilikuwa inachukua kama dakika 6 kwa fremu moja, piga hesabu, saa 20. Mara ya kwanza nikairenda kama faili moja la video, laptopu betri yake imeshakufa, umeme ukakatika usiku, faili halifunguki, kazi yote imekwenda. Nililia, sifichi. Kwa hiyo msirende video, rendeni picha moja moja za PNG, yaani mafaili ya picha ya kawaida, kwenye folda, mkimaliza ndio mziunganishe, inachukua dakika chache. Mara ya pili umeme ulikatika tena, uliporudi alfajiri niliwasha laptopu nikakuta folda ina picha 143 zote nzima, nikaandika ianze fremu ya 144 nikaenda zangu kusali.