Funga fomu, kisha ifungue: kwa mnaoanza patholojia ya asbesto na figo

Watu hushangaa wakisikia nagawa wiki yangu kati ya saratani za asbesto, yale madini ya nyuzinyuzi, na magonjwa ya figo. Sikupanga hivyo. Hadubini ya elektroni ndiyo iliyonikutanisha nazo zote mbili. Nilikuwa naitumia kuangalia glomeruli, vile vichujio vidogo vya figo, na mashine hiyohiyo ndiyo inayohesabu nyuzi za asbesto kwenye mapafu. Mwenzangu wa mapafu alikuja kuniomba saa mbili za mashine, na kufikia mwisho wa mwaka nilikuwa nafanya nusu ya kazi yake.

Natamani mtu angeniambia mapema kwamba kazi hizi zinataka tabia mbili zinazopingana, na zinapingana juu ya kitu kidogo tu: karatasi inayokuja na sampuli.

Kwenye figo, usiguse slaidi kabla hujaisoma fomu yote. Makovu yaleyale ya glomeruli yanaweza kuletwa na ugonjwa wa figo wenyewe, unene, VVU au dawa. Ukikosa kreatinini (kipimo cha damu cha utendaji wa figo), kiasi cha protini kwenye mkojo na orodha ya dawa, unasoma barua isiyo na jina la aliyeiandika. Uliza na kazi ya mgonjwa, swali ambalo wengi wanalisahau kwa sababu figo haipumui. Vumbi la silika limehusishwa na uvimbe wa mishipa midogo ya damu unaoweza kuua figo kwa wiki chache, na asbesto nayo imehusishwa na kovu la nyuma ya tumbo linalobana mirija ya mkojo.

Kinyama cha figo chenyewe kishike kwa adabu. Ni kamba nyembamba, urefu wake sentimita moja na ushee. Kiweke kwenye tone la maji ya chumvi, kitazame kwa lenzi ndogo kikiwa bado kibichi: glomeruli zinaonekana kama vitone vyekundu, na sehemu iliyopauka isiyo na vitone ni kiini cha figo, ambacho hakitakusaidia sana. Ndipo ukigawe sehemu tatu: formalini, kimiminika cha kuhifadhia kwa ajili ya kingamwili zinazong'aa, na glutaraldehaidi kwa hadubini ya elektroni. Niliwahi kupokea kamba nzima ndani ya formalini kwa sababu mtu alikuwa na haraka. Tulijaribu kuiokoa, picha ikaja hafifu, na mgonjwa akachomwa sindano mara ya pili. Ugonjwa wa IgA, ambapo kingamwili ya mwili yenye jina hilo hujikusanya kwenye glomeruli, ulioelezwa na Berger na Hinglais mwaka 1968, hauthibitishwi bila kingamwili zile zinazong'aa. Kwa rangi za kawaida unafanana na mengine mengi.

Kwenye uvimbe wa utando wa mapafu mambo yanageuka. Hapo funga fomu.

Mwaka wangu wa tatu nililetewa sampuli ya mzee aliyefanya kazi ya kutengeneza meli. Aliyejaza fomu alikuwa ameandika "ASBESTO" kwa herufi kubwa na kuipigia mstari. Niliona seli mbaya, nikapaka kalretinini, alama ya seli za utando, ikashika hapa na pale, nikasaini mesotelioma, yaani saratani ya utando wenyewe. Mkubwa wangu alirudisha slaidi bila kusema neno, juu yake ameweka nyingine aliyoipaka TTF-1, alama ya seli za pafu. Viini vya seli vyote vilikuwa kahawia. Ilikuwa saratani ya tezi ya pafu lenyewe, iliyosambaa hadi kwenye utando. Asbesto huleta hiyo pia, lakini matibabu ni mengine kabisa. Ule mstari wa kalamu ndio ulionisomea slaidi.

Tangu hapo naamua kwa seli kwanza. Paka angalau alama mbili za mesotelioma na mbili za saratani ya tezi, na usiridhike na moja inayokupendeza. Swali likiwa kama ukuaji ni mbaya au ni muwasho tu, angalia kama protini ya BAP1 imepotea kwenye viini; ikipotea, ni dalili ya ubaya. Kuvuta asbesto hakuthibitishi mesotelioma, wala kutoivuta hakuifuti.

Jibu likishakaa ndipo unaifungua fomu, maana sasa swali limekuwa jingine: imetoka wapi? Swali hilo hadubini peke yake hailiwezi. Nyuzi nyingi hazionekani kwa hadubini ya kawaida. Zinazoonekana ni zile ambazo mwili umezivika protini na chuma, uzi mnyoofu unaopitisha mwanga, umezungukwa na vipande vya rangi ya dhahabu kama shanga, na kwa rangi ya Perls, inayoonyesha chuma, zinageuka bluu. Uzi wa katikati ukiwa mweusi, hiyo ni kaboni, usiiite asbesto. Na krisotaili, ile nyeupe, hukatika na kuondoka mapafuni mapema kuliko aina nyingine za asbesto, krokidolaiti (ya bluu) na amosaiti (ya kahawia), hivyo hesabu ndogo haimsafishi mwajiri. Mawakili watakuuliza hili, tena kwa ukali.

Wagner alikuwa mwanapatholojia, lakini ripoti yake ya mwaka 1960 kutoka Afrika Kusini, yenye wagonjwa 33 wa mesotelioma, isingekuwa na uzito bila Sleggs na Marchand waliokuwa karibu na wagonjwa, na bila kufuatilia kila mmoja aliishi wapi. Baadhi hawakuwahi kuingia mgodini. Walikulia tu karibu na krokidolaiti.

Ugonjwa huu hujificha miaka 20, 40, hata 50. Kwa hiyo mtu akija kukuambia mabloku ya nta ya zamani, yaliyobeba sampuli za wagonjwa, yanajaza stoo, kataa kwa maandishi. Mimi nilikataa kwa mdomo, nikarudi likizo nikakuta rafu tupu.

Mwezi uliopita nilifungua fomu baada ya kusaini. Mesotelioma, mama wa miaka 71. Kazi: mama wa nyumbani. Nilimpigia binti yake nikamuuliza marehemu baba alifanya nini. Akasema alifunga vizuizi vya joto kwenye mabomba ya boila. "Alirudi mweupe kama aliyemwagiwa unga. Mama alikuwa anazikung'uta nguo mlangoni kwanza, ndipo anazifua."