Fundi Anajibu: Gari Linapozima Mbali na Watu

Likizo ya Agosti inakaribia, na barua nyingi za mwezi huu zinauliza habari za safari za mbali kwa gari. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu waandishi wake bado hawajaondoka, na lolote nitakalowaambia sasa linaweza kuwafaa.

*Assalamu alaykum, Mzee Fundi. Mimi ni kijana wa Kisauni. Marehemu baba yetu alituachia Land Cruiser ya dizeli ambayo haijawahi kwenda mbali kupita Voi. Mimi na ndugu zangu wawili tumenuia kwenda Loiyangalani kuliona Ziwa Turkana, na fundi wetu ametuambia kuwa gari ni zima. Tubebe nini, na likituharibikia njiani tufanye nini?*

Waalaykumu salaam, mwanangu, na Mwenyezi Mungu amrehemu baba yenu. Fundi wenu huenda amesema kweli, lakini gari kuwa zima mjini ni jambo moja, na kuwa zima kwa safari mnayoitaka ni jambo jingine. Gari lililokaa Mombasa miaka mingi lina maradhi yake ya pwani: hewa ya chumvi hula mabomba ya breki upande wa chini ambako jicho halifiki, hutia unga wa kijani kwenye vichwa vya betri, na hugandisha nati za magurudumu hadi siku ya pancha zisifunguke hata kwa kusimama juu ya spana. Kwa hiyo kabla hamjaondoka, fungueni magurudumu yote manne kwa mikono yenu wenyewe, kwa jeki na spana zile zile mtakazosafiri nazo. Ikiwa jeki inashindwa kuliinua gari uani kwenu Kisauni, haitaliinua kwenye mchanga.

Njia yenyewe ni hivi. Kutoka Mombasa hadi Isiolo ni lami, na siku hizi lami inaendelea mpaka Moyale, mwendo wa takriban kilomita 500 ambao sisi tuliouendesha zamani tuliuhesabu kwa siku. Nyinyi mtaiacha lami Laisamis, kabla ya kufika Marsabit. Hapo mtaingia barabara ya kilomita 208 iliyotengenezwa upya kwa ajili ya mradi wa umeme wa upepo, na vyuma vya mitambo ile 365 vilishushwa hapa hapa bandarini Kilindini vikapelekwa kaskazini kwa malori. Ni barabara nzuri kwa kulinganisha na ilivyokuwa, lakini si lami. Ina changarawe inayotetemesha gari mchana kutwa, mito mikavu inayokatiza njia, na kadiri mnavyolikaribia ziwa, mawe meusi ya volkano yenye makali.

Mawe hayo ndiyo yanayonifanya nizungumzie upepo wa tairi kwa kirefu, kwa maana wasafiri wengi huambiwa nusu ya habari. Ni kweli kwamba kwenye mchanga hupunguzwa upepo, kwa mfano kutoka psi 35 hadi 20 hivi kwenye kipimo, ili tairi litanuke na lielee juu badala ya kuchimba. Lakini tairi lenye upepo mdogo hufura ubavuni, na ubavu ndio sehemu nyembamba kuliko zote, kwa hiyo ukitoka mchangani ukaingia kwenye mawe bila kuliongeza upepo, jiwe moja lenye makali hulichana mahali ambapo hakuna fundi wa pancha awezaye kupaziba. Beba pampu inayofanya kazi na kipimo cha upepo, na uwe na subira ya kusimama kila ardhi inapobadilika. Matairi ya akiba yawe mawili, na yawe na tyubu zake za akiba.

Kuhusu maji, hesabu yangu ni lita 5 za kunywa kwa kila mtu kwa siku. Nyinyi ni watatu. Wekeni akiba ya siku nne, na hiyo ni lita 60, yaani mitungi mitatu ya lita 20. Mtungi wa nne uwe wa injini peke yake. Msitegemee ziwa, kwani maji ya Turkana yana magadi. Dizeli nayo mwihesabu kwa mara moja na nusu ya ile gari linayokula kwenye lami, na mnaponunua ya madumuni, ichujeni kwa kitambaa safi na mbebe filta moja ya akiba, kwa sababu dizeli yenye maji huzima injini polepole na kumfanya dereva alaumu kila kitu isipokuwa tangi.

Sasa nije kwenye swali lenu la pili, ambalo ndilo zito. Mwaka 1994 nilikuwa tanboi kwenye lori lililokuwa likielekea Moyale, na tulikuwa watatu: dereva, mimi, na mfanyabiashara mmoja aliyepanda Marsabit. Barabara ilikuwa ya mawe matupu. Katikati ya Dida Galgalu, ile nyika nyeusi iliyo kaskazini ya Marsabit, mpira wa juu wa rejeta ulipasuka, na mvuke ukafunika kioo chote cha mbele. Dereva wetu alikuwa mtu hodari, lakini siku ile alishikwa na haraka. Alichukua maji yetu ya kunywa, akamimina kwenye rejeta kabla hajautazama mpira, na mimi niliyekuwa nimeinama chini niliyaona maji yote yakitoka kwenye ule mpasuko na kuingia katikati ya mawe. Alimimina mtungi mzima wa lita 20 kwa namna hiyo. Tulibaki na kiasi cha lita 4.

Yule mfanyabiashara alitaka kutembea usiku kuelekea Turbi, na dereva akamkatalia kwa ukali ambao wakati ule niliuona ni ukatili. Leo namshukuru. Mtu anayetembea juani hupoteza kwa jasho kiasi cha lita moja kwa saa, na maji anayoweza kubeba hayamfikishi mbali. Usiku nako hapotei kwa kiu bali kwa kukosa njia. Gari ni kubwa, linaonekana kutoka mbali, lina kivuli, na liko barabarani ambako kila anayepita lazima alikute. Binadamu aliyelala chini ya kijiti mita mia tatu kutoka njiani haonekani na mtu. Tulikaa chini ya lori siku nzima bila kusema sana. Jioni ya siku ya pili alipita mfugaji wa Kigabra na ngamia wake, akatukamulia maziwa katika kibuyu, akakataa pesa. Lori jingine lilitufikia asubuhi iliyofuata.

Mpira ule tungeweza kuutengeneza saa ile ile. Chombo chenyewe kilikuwepo, tena cha kawaida: ile mipira inayokatwa kutoka tyubu kuukuu, ambayo wenye mikokoteni hapa mjini hufungia mizigo. Ungoje injini ipoe mpaka uweze kuuminya mpira wa rejeta kwa vidole bila kuungua, uukaushe, kisha uuzungushie ule mpira wa tyubu ukiuvuta kwa nguvu zako zote, kila mzunguko ukilalia nusu ya uliotangulia, na umalizie kwa waya. Ukishafunga ndipo utie maji, kidogo kidogo, wala si maji baridi kwenye injini ya moto, kwani chuma hupasuka. Kifuniko cha rejeta usikikaze hadi mwisho, ili maji yasijenge shinikizo la kuufumua mshono wako, kisha uende polepole ukisimama kila mara kuongeza maji. Kwa namna hiyo nimefika mbali mara kadhaa.

Kwa hiyo, mwanangu, gari likizima, kaeni nalo. Zimeni simu mbili na mwache moja, na mjaribu ujumbe mfupi hata pale ambapo simu haipigiki. Moshi wa tairi bovu huonekana mbali mchana. Lichomeni upande ambao upepo hauuelekezi moto kwenye gari. Laisamis mpite kituo cha polisi muulize hali ya njia na usalama, na mmwachie ndugu mmoja Mombasa maandishi ya siku mnayotarajiwa kufika na siku ambayo, msipopiga simu, aanze kuwatafuta. Msiendeshe usiku. Mto mkavu msiulalie hata kama mchanga wake ni laini, maana mvua hunyesha milimani msikokuona na maji huja usiku. Na kama mtavutwa na jangwa la Chalbi mkiwa huko, iendeeni wakati wa kiangazi tu, tena kwa magari mawili. Juu ni ganda gumu jeupe la chumvi, na likilowa, chini yake ni tope lisilo na mwisho wa karibu.

*Bwana Fundi, mimi ni mama wa watoto watatu, Likoni. Tuliingia Tsavo Mashariki kwa lango la Buchuma, tukazima gari kuwatazama ndovu, nalo likakataa kuwaka: hakuna taa, hakuna sauti. Mume wangu alitaka kurudi langoni kwa miguu, nikamzuia, tukagombana mbele ya watoto. Baada ya saa tatu gari la watalii likatuokoa. Nani alikuwa na haki?*

Wewe, dada yangu, na ninakuomba mumeo asome jibu hili bila kuhisi ameshitakiwa, kwani alitaka kuiokoa familia yake. Tsavo Mashariki ina zaidi ya kilomita za mraba 13,000, na simba wake hawahitaji kutambulishwa kwa watu wa pwani hii, ambao babu zao walisikia habari za wajenzi wa reli waliouawa mwaka 1898. Hata bila simba, nyati aliyelala kichakani kando ya njia humwona mtu kabla mtu hajamwona. Ndani ya mbuga hutoki garini ukatembea, basi.

Ugonjwa wenyewe nadhani naujua. Gari linapozima kabisa, taa na honi pamoja, mara baada ya kupita barabara yenye mtetemo, mara nyingi ni kichwa cha betri kilicholegea. Injini ikiwa inazunguka huwezi kujua, kwa sababu jenereta ya gari inaendelea kutoa umeme. Ukizima ndipo siri inapofichuka. Tiba yake ni kukisugua kichwa kile kwa kisu mpaka risasi ing'ae, kukirudisha, na kukikaza. Ni kazi ya dakika mbili, lakini boneti isifunguliwe mbugani kabla ya kutazama pande zote kwa makini, mtu mmoja akibaki ndani na kulinda kwa macho, na mwenye kutengeneza asiuache mlango ukiwa umefungwa. Wakiwapo ndovu karibu, kama walivyokuwapo kwenu, hata hilo liahirishwe. Safari ijayo andikeni namba ya simu ya lango kwenye karatasi kabla ya kuingia, na mkimwona dereva wa watalii msione haya kumsimamisha. Wengi wao wana redio na huwasiliana na wenzao mbugani kote.

*Mzee, mimi ni tanboi wa Jomvu. Dereva wangu anatia maji ya kisima kwenye rejeta, na fundi wetu ameitoa thamostati akisema hapa kwetu ni joto na haina kazi. Ni sawa?*

Yote mawili si sawa, kijana. Maji ya visima vingi vya Mombasa yana chumvi. Yakichemka kila siku huacha magamba ndani ya vijibomba vya rejeta, na rejeta inayopita vizuri Miritini hushindwa kwenye mlima wa kwanza ikiwa na mzigo. Tumia maji ya mvua, au yale ya dawa yanayouzwa tayari. Thamostati nayo, ile vali inayoyafungulia maji njia ya rejeta injini ikipata moto, ina kazi hata kwenye joto, kwani katika injini nyingi ndiyo inayofunga njia ya mkato ya maji. Ukiitoa, sehemu ya maji huzunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta, na lori likawa linachemka zaidi kwa dawa ile ile iliyokusudiwa kulipoza. Mwambie dereva kwa adabu, mkiwa wawili tu.

*Fundi, nimesikia kwamba aliyepotea nyikani anaweza kunywa maji ya rejeta. Ni kweli? Msomaji, Mtwapa.*

Si kweli, na naomba habari hiyo isienezwe. Maji ya rejeta yakiwa yametiwa ile dawa ya kijani au nyekundu ni sumu inayoua figo, tena ina utamu unaomdanganya mwenye kiu na mtoto. Kuyachemsha au kuyachuja hakuiondoi. Mimi tangu safari ile ya Dida Galgalu hupaka mitungi yangu rangi: wa injini mwekundu, ya watu nyeupe, na ile myeupe huifunga nyuma ya kiti changu kwa kamba, ili mwenye haraka alazimike kwanza kuniuliza.