Fulana yenye uso wa marehemu haipigi deki

Swali lenu la juma hili, "Unapohama nyumba, nguo gani kuukuu huiachi?", limenikuta nimekalia gunia. Ndani yake mna fulana 23, zile ambazo sisi hapa Goma tunaziita tiriko. Tunatoka Majengo tunahamia Ndosho, mwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, amekubali safari mbili tu, na mke wangu ameshakata shauri: gunia hilo halipandi.

Kumi kati yake zilikuwa nguo tu, zimekwenda kwa watoto wa majirani. Za wanasiasa nazo hazikunichelewesha. Tangu 2006, kila uchaguzi ukija tunagawiwa fulana nyepesi kama chandarua. Nilikuwa nazo sita, na nyuso za kifuani zimepauka kiasi kwamba mheshimiwa mwenyewe akijiona atauliza huyu nani. Hizo ni za deki. Waliahidi kutusafishia mji, basi waanze na sakafu.

Halafu zile mbili za Ebola. Ugonjwa ulipoingia Goma, Julai 2019, nilikuwa nasimama kwenye ndoo ya maji ya klorini kuwaambia wapita njia wanawe mikono. Wapo waliotushukuru, wapo waliotutukana kwamba tunakula pesa za wagonjwa. Moja ina madoa meupe ya klorini tumboni, nyingine ni nzima kabisa. Ile nzima nimempa fundi pikipiki wa jirani, na jana tu nimeiona imeshashika oili. Yenye madoa ninayo.

Penye uzito ni za msiba. Kwetu mtu akifariki, familia huchapisha fulana zenye picha yake, jina lake, mwaka wa kuzaliwa na wa kufa, watu wakazivaa siku ya mazishi. Mimi nilikuwa nazo nne: ya mama mkubwa, ya shemeji yangu, ya rafiki niliyekua naye, na ya mzee mmoja wa kanisani ambaye, niseme ukweli, sikumfahamu sana. Nilichanga, nikapewa. Sasa fulana kama hiyo utaifanyaje? Kuivaa kila siku ni kuwakumbusha watu kilio chao. Kuichoma moto, mkono unakataa. Ukiitupa, itaokotwa. Siku moja pale Birere nilimwona kijana amebeba gunia la makaa, na chini ya gunia, kifuani pake, marehemu wa watu anatabasamu. Sijasahau.

Ya yule mzee nilimrudishia mjane wake, huku naona aibu, nikidhani namtonesha kidonda. Kumbe siku ile fulana ziliwaishia, watoto wawili waliokuwa safarini hawakupata. Aliikunja picha ikiwa ndani, akaishika mapajani hadi nilipoaga. Ya rafiki yangu ameichukua mwanawe, ana miaka 17 na inamkaa. Ya mama mkubwa sitoi. Ya shemeji niliitafuta asubuhi ndani ya gunia nisiione. Nikaikuta katikati ya vitenge vya mke wangu, ndani ya sanduku lake. Yeye aliyekata shauri! Sikusema neno, ni kaka yake.

Ikabaki moja, ya kijivu. Niliinunua mitumbani kwa bei ya chakula cha mchana. Kifuani imeandikwa mbio za hisani za mji fulani wa Marekani, mwaka 1998. Labda aliyezikimbia mbio hizo naye alikuwa anahama, akakalia mfuko wake kama mimi, akaona hii iende. Nilikuwa nimeivaa jioni ya tarehe 22 Mei 2021, mbingu ilipogeuka nyekundu juu ya volkano yetu, Nyiragongo. Lava ilisimama karibu na uwanja wa ndege, lakini ardhi ikaendelea kutetemeka, na tarehe 27 tukaamriwa kuondoka. Tulikwenda Sake, kilomita zaidi ya 20, na watoto, vyeti, sufuria na unga. Siku kumi nilikuwa na fulana hiyo moja, naifua usiku, naivaa asubuhi ikiwa bado mbichi.

Tuliporudi nyumba ilikuwa imesimama. Nikafungua kabati, nikaziona nyingine zote zimepangwa kama nilivyoziacha, na hapo ndipo nilipotambua kwamba kule Sake sikuikumbuka hata moja. Hata ya mama mkubwa.

Hii ya kijivu kola yake imelegea, na kwapani imeachia kabisa. Mke wangu ameuliza kama nayo inataka nafasi kwenye chukudu. Nimemwambia haitaki, nitahama nimeivaa.