Kabla ya Kuchagua Chuo cha Uhandisi wa Mazingira

Kwa wadogo zangu mliomaliza kidato cha sita na mnaotaka kusomea uhandisi wa mazingira hapa Tanzania, jambo la kwanza la kuangalia ni jina la shahada yenyewe, na jina la chuo lifuate baadaye. Sayansi ya mazingira na uhandisi wa mazingira hutajwa pamoja kana kwamba ni kitu kimoja, ilhali Sheria ya Usajili wa Wahandisi ya mwaka 1997 imeifanya kazi ya uhandisi kuwa ya waliosajiliwa, na usajili huo huanzia kwenye shahada ya uhandisi. Mhitimu husajiliwa kwanza kama mhandisi mhitimu, kisha hufanya kazi chini ya wahandisi wazoefu kwa miaka 3 hivi kabla ya kuomba kuwa mhandisi mtaalamu. Aliyesoma sayansi ya mazingira ana kazi zake, nyingine zenye kipato kizuri, ila mlango huo si wake. Kwa hiyo, kabla ya kuthibitisha nafasi, iulizeni Bodi ya Usajili wa Wahandisi kama inaitambua programu mliyochaguliwa. Jibu la ofisi ya udahili pekee halitoshi.

Wengi watawatajia Chuo Kikuu Ardhi, kilichopata hadhi ya chuo kikuu kamili mwaka 2007, na hawakosei, kwani fani hii imefundishwa pale kwa muda mrefu. Hata hivyo, chuo chochote mtakachokifikiria, ombeni kwanza kuiona maabara yake ya maji na majitaka.

Chukueni mfano wa kipimo cha BOD, kinachoonyesha kiasi cha oksijeni ambacho bakteria hutumia kuozesha uchafu uliomo majini. Sampuli hukaa gizani kwa siku 5 katika nyuzi joto 20, kiwango ambacho Dar es Salaam hakipatikani bila kabati la kupoza linalofanya kazi usiku na mchana. Muulizeni fundi wa maabara, kwa kuwa wahadhiri huwa na majibu ya kistaarabu mno, nini hutokea umeme ukikatika siku ya tatu. Akiwaonyesha jenereta na daftari la vipimo vya wiki iliyopita, hapo pana chuo. Akicheka, mmeshaelewa.

Ada na mikopo mtayapima nyumbani pamoja na wazazi. Mimi ningemtafuta mwanafunzi wa mwaka wa tatu na kumwomba anionyeshe ripoti yake ya mafunzo kwa vitendo, nione kama ina vipimo alivyochukua mwenyewe kwenye mtambo wa kusafisha maji, akijaribu dozi mbalimbali za shabu, dawa ya kutuliza tope, kwenye maji ya mto, au ni kurasa za historia ya kampuni alizonakili akiwa amekaa mapokezi.