Kwa nini Tom na Jerry bado wanachekesha

Mkuu, umeuliza kwa nini katuni za kukimbizana za miaka ya 1940 bado zinavunja watu mbavu wakati mpya nyingi zinaboa. Jibu kubwa ni muda. Filamu hupitisha picha 24 kwa sekunde, na wachoraji wale walizihesabu. Mtazame Tom, yule paka, akipitiliza ukingo wa jengo: hadondoki hapo hapo. Anasimama hewani, anaangalia chini, anakuangalia wewe, ndipo anashuka. Kile kituo ndicho kicheko chenyewe. Ukikipunguza sana, jicho haliwahi kuelewa. Ukikirefusha, mtazamaji ameshachoka kusubiri.

Pia hawasemi sana, kwa hiyo hakuna cha kutafsiri. Muziki wa Scott Bradley, mtunzi wa muziki wa katuni hizo, ndio unaongea: kunyata, kuteleza, kishindo, vyote vinafuatwa na okestra hatua kwa hatua. (Ule ukelele wa Tom, kwa taarifa yako, ni sauti ya William Hanna mwenyewe, mmoja wa waliozibuni katuni hizo.) Zima sauti uone utani mwingi unavyopwaya.

Halafu maumivu hayadumu. Tom akipigwa kikaango, uso unachukua umbo la kikaango, na tukio linalofuata yuko mzima. Angebaki na kovu ungemhurumia.