Muulize Fundi: Kikao kinakubali kwa bando, ofisini kinagoma

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mhasibu msaidizi kwenye chama cha ushirika huku Moshi. Kila Jumatatu tuna kikao na wenzetu wa Dodoma kwa Teams, programu ya Microsoft ya vikao vya mtandaoni. Kuingia naingia vizuri, meseji za kikao zinafika, lakini sauti inakatikakatika na picha zinaganda. Nikiunganisha kompyuta na data ya simu yangu mambo yanakwenda safi, ila bando langu ndilo linaloumia. Kijana mmoja wa kompyuta aliniambia nizime fayawoli ya Windows, ile kinga inayochuja mawasiliano ya kompyuta. Nimeizima, hali ni ile ile. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwanza iwashe tena fayawoli hiyo, sasa hivi, kabla hujaendelea kusoma. Kompyuta yenye hesabu za wakulima haiachwi wazi hata siku moja.

Jaribio lako la data ya simu limeshatupa nusu ya jibu: kompyuta ni nzima na Teams ni nzima. Nusu nyingine ni hii: fayawoli ya Windows, ikiachwa ilivyokuja, huruhusu vinavyotoka na kuhoji vinavyoingia. Kwa hiyo kuizima kusingekusaidia. Kizuizi kiko mbele yake, kwenye fayawoli ya ofisi nzima, iliyo ndani ya ruta au kwenye kisanduku kilicho kando yake.

Kikao cha aina hii kina njia mbili. Maelezo ya nani kaingia na nani katoka, pamoja na meseji, hupita kwa TCP, utaratibu wa kutuma data unaohakikisha kila kipande kimefika, kwenye poti 443 (poti ni mlango wenye namba), njia ya tovuti karibu zote, ambayo ofisi haiwezi kuifunga ikabaki na intaneti. Sauti na picha hutaka UDP, utaratibu mwingine wa kutuma data. Sauti hukatwa vipande, kwa kawaida vya milisekunde 20, yaani 50 kila sekunde. UDP hurusha kipande na kusonga mbele, na kimoja kikipotea sikio halishtuki. Sasa fayawoli nyingi za ofisi huzuia karibu UDP yote. Teams ikikuta imefungiwa, hujibana kwenye 443 kwa TCP, na TCP haikubali kipande kipotee: hukidai upya, na vyote vilivyo nyuma yake husubiri. Ndiyo maana mwenzako wa Dodoma ananyamaza katikati ya sentensi, kisha maneno yanakuja kwa mkupuo.

Mpelekee anayesimamia mtandao wenu maneno haya yalivyo: “Ruhusu UDP kutoka ndani kwenda nje, poti 3478 hadi 3481, kwenda kwenye anwani za Teams, na majibu yake yarudi.” Orodha ya anwani hizo Microsoft huichapisha yenyewe. Kama mna proksi, yaani kompyuta ya kati, inayofungua na kukagua mawasiliano yaliyofichwa, aiondoe Teams humo. Mkitumia na Zoom, aongeze UDP 8801 hadi 8810. Hakuna poti hata moja ya kufunguliwa kutoka nje kuja ndani kwa ajili ya vikao hivi. Akisema ni lazima, mkatalie kwa heshima, na umwombe akuonyeshe imeandikwa wapi.

SWALI: Tuna nyumba ya wageni Diani na simu ya mezani ya SIP, ile inayopita kwenye intaneti. Mgeni akipiga ananisikia, mimi simsikii, na baada ya kama nusu dakika simu inakatika yenyewe. Ruta ni mpya.

JIBU: Pole, kaka. Nusu dakika hiyo si bahati mbaya: SIP husubiri uthibitisho wa simu kupokelewa kwa sekunde 32, usipofika hukata. Simu yako inaandika ndani ya ujumbe wake anwani ya humo ndani, mfano 192.168.1.20, na upande wa pili unatuma sauti, pamoja na uthibitisho huo, kwenye anwani ambayo haipo kwenye intaneti. Ruta nyingi zina kipengele kiitwacho SIP ALG cha kurekebisha jambo hili, na mara nyingi ndicho kinachoharibu. Ingia kwenye ruta, kizime, kisha uwashe STUN, huduma inayoijulisha simu anwani yake ya nje, kwenye simu yenyewe kwa anwani atakayokupa mtoa huduma wako. Zima simu, iwashe, jaribu tena.

Nakusihi jambo moja: mtu akikushauri uielekeze poti 5060, mlango wa SIP, kutoka nje moja kwa moja hadi kwenye simu yako, usikubali. Wapo wanaozunguka intaneti usiku na mchana wakibisha poti hiyo na kubahatisha nywila. Wakipata, hupiga simu za nchi za mbali na bili inakuja kwako. Nywila iliyokuja na simu, kama bado ndiyo unayoitumia, ibadilishe leo.